Zinki haikuanzia Ulaya

Ukisimama juu Bugando ukatazama Mabatini, paa zinang'aa mpaka ziwani. Mng'ao wa bati jipya ni zinki iliyopakwa juu ya chuma ili kisishike kutu. Wengi hapa Mwanza huamini madini haya waliyavumbua Wazungu. Sivyo.

Nenda Zawar, jimbo la Rajasthan, India. Huko mashimo ya kale yamezama zaidi ya mita 100, na mbao za ngazi zilizobaki ndani zimepimwa zikaonekana zina zaidi ya miaka 2,000. Kuta zina masizi, kwa kuwa wachimbaji waliuchoma mwamba kwanza ili upasuke, kama wapasua mawe wetu wanavyolifanyia jabali.

Kazi ngumu ilikuwa kuyeyusha. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, hivyo tanuruni hutoka ikiwa mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa unageuka unga mweupe. Mafundi wa Zawar walifinyanga vyungu vyenye umbo la bilinganya, wakavipanga 36 kwa kila tanuru, midomo chini, mvuke ukashuka kwenye chemba baridi na kuwa matone ya zinki. Ufundi wa ajabu kweli! Karne ya 12 walikuwa tayari wakizalisha kwa wingi.

Huko Ulaya, William Champion wa Bristol, Uingereza, alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya kuyeyusha zinki mwaka 1738, karne kadhaa baadaye. Huko Zawar, vyungu vilivyokwisha kazi vilitumika kujengea kuta za nyumba, na bado vinaonekana.