Bahari hailipi fidia: kiwanja cha kuhamia kitengwe mapema

Kwenye mikutano ya vijiji vya pwani, kuanzia Tanga hadi Bagamoyo, swali halikosekani: "Bahari ikiichukua nyumba yangu, serikali itanilipa nini?" Jibu lake halipendezi. Fidia tunayoijua Tanzania, yaani thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, usafiri na posho ya makazi ya miezi 36, hulipwa serikali inapotwaa ardhi yako kwa manufaa ya umma. Mawimbi yakila ukingo mpaka msingi ukaning'inia, hakuna mthamini anayekuja na fomu. Ukibahatika utapata turubai, unga na blanketi. Kiwanja hupati.

Ndiyo maana kazi yangu ya kupanga matumizi ya ardhi haianzii ufukweni. Naanzia nyuma ya kijiji, kwenye minazi na mikorosho, kutafuta ardhi ambayo bado haijauzwa kwa watu wa mjini.

Wengi wangependa wajengewe ukuta, na siwalaumu. Ule wa Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, uliokamilika 2018, kila mtu kauona, na Pangani mjini nako upo. Lakini fedha za ukuta hufuata barabara, ofisi na hospitali. Ni nadra kufuata nyumba za makuti za wavuvi. Isitoshe, kizuizi cha mawe kina jirani yake. Kunduchi ni somo tosha. Upepo wa kusi husukuma mchanga kwenda kaskazini, kwa hiyo anayejenga tuta la mawe kuingia baharini huukinga upande wake, na aliye kaskazini yake ufuko unamkauka. Ongeza uchimbaji, huko mitoni, wa mchanga ambao ndio ungekuja kuujaza ufuko, na miamba ya matumbawe iliyovunjwa kwa baruti. Hoteli ya Africana iliharibiwa na bahari huko huko. Leo abiria anashuka kituo cha Africana bila kujua kwamba palikuwa na hoteli.

Dalili za mapema zipo, na mara nyingi hazionekani kwenye nyumba. Kisima huanza kutoa maji ya chumvi. Choo cha nyuma kinatitia. Minazi ya mbele inabaki mizizi nje. Huwa nawaambia wenye nyumba wapigilie vigingi viwili kwenye mstari unaotoka ukutani kwenda ukingoni, wapime kwa futi kamba kila maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapopita, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na waandike kwenye daftari. Ukingo unaweza kutulia mwaka mzima, kisha bamvua moja lenye upepo likachukua hatua kadhaa kwa usiku mmoja. Mwenye daftari anajua lini amwite fundi, na hapo ndipo penye pesa: ukibomoa nyumba mapema na kwa utaratibu, unaondoka na mabati, milango, fremu na mbao za kenchi. Anayesubiri mpaka ukuta wa mbele uanguke huokoa godoro.

Sasa kuhama kwenyewe. Mfano ninaoutumia sana ni wa Saint-Louis, Senegal. Mwaka 2003 ulichimbwa mfereji wa upana wa mita 4 kwenye ulimi wa mchanga wa Langue de Barbarie ili kuuokoa mji na mafuriko. Bahari ikaupanua mpaka ukawa mlango wa kilomita kadhaa. Kisha dhoruba za 2017 na 2018 zikawatoa wavuvi majumbani. Wakawekwa kwenye mahema, baadaye wakajengewa makazi Djougop, kama kilomita 10 kutoka baharini. Nyumba zilipatikana, ila mvuvi anayelala kilomita 10 kutoka kwenye chombo chake, na mkewe anayekausha samaki, kila siku wanalipa nauli ya kwenda kazini.

Vunidogoloa, kijiji cha Fiji kilichohama mwaka 2014, kilisogea kama kilomita 2 tu, ndani ya ardhi ya ukoo wao wenyewe. Hapo ndipo Tanzania tuna nafasi ambayo hatuitumii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi yake, na mpango wa matumizi bora ya ardhi unapitishwa na mkutano mkuu. Humo mnaweza kutenga eneo la kuhamia, likachorwa kwenye ramani kabla halijapata mnunuzi. Mijini ni kugumu zaidi, kwa sababu mtaa hauna ardhi yake.

Diko, yaani mahali pa kushushia samaki, lisihame. Nyumba zirudi nyuma, lakini mahali pa kuvuta ngarawa, pa mnada na pa kukaangia samaki pabaki ufukweni, kwa vibanda vinavyong'oleka. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na hofu ya sheria hiyo huwafanya wazee wengi wafiche nyufa: wanadhani wakisema watafukuzwa mikono mitupu. Mkiwa na eneo lililotengwa, wanasema.

Orodha ya wanaohama ndiyo inayoleta ugomvi. Mpangaji hana nyumba ila ana watoto na biashara hapo. Nyumba ya urithi ina ndugu saba, wawili wako Dar, mmoja Muscat, na anayeishi humo ni shangazi ambaye hakuna karatasi yenye jina lake. Binafsi naorodhesha kwa kufuata anayelala humo, si anayedai, na hati ya kimila ya kiwanja kipya ninashauri iandikwe majina ya mume na mke.

Kisha kuna kiwanja kinachoachwa. Msipokisemea, baada ya miezi michache atatokea mtu wa kukinunua kwa bei ya kutupa na kujenga tena pale pale. Muhtasari wa mkutano mkuu useme wazi kwamba anayepokea kiwanja cha juu hauzi cha chini, kifusi na shimo la choo vinaondolewa, na eneo linakuwa la kijiji kwa ajili ya vyombo na miti. Muhtasari huo ugongewe muhuri, na nakala moja ikae kwa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi ufukweni.