Mirambo ndani ya Civilization VI: kuwapa rugaruga nguvu bila kuwaongezea nguvu

Kwenye gemu ya kompyuta ya Civilization VI, ambamo unaongoza dola tangu kale hadi leo, modi nyingi za dola za kivita (nyongeza wanazotengeneza wachezaji wenyewe) zinafanana. Mtengenezaji anachukua jeshi lililotikisa dunia, Wamongolia au Wazulu au Waottomani, anampa askari wake alama kumi za mapigano juu ya wenzake, anambadilishia nguo, kazi imekwisha. Ukicheza unashinda, ila hujui umeshinda kwa nini. Ungeweza kubadilisha picha tu na jeshi likawa la nchi nyingine.

Ninatengeneza modi ya Mirambo, mtemi wa karne ya 19 wa Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, na sharti langu la kwanza lilikuwa kwamba rugaruga wake, yaani wapiganaji wake, wasimzidi askari wa kawaida wa bunduki hata kwa alama moja. Kwenye gemu huyo ana alama 55 za mapigano. Wangu wana 50.

Wachezaji wa majaribio walinung'unika, na ninawaelewa. Mirambo alizaliwa mnamo 1840, akarithi utemi mdogo wa Uyowa, na kabla hajafa Desemba 1884 alikuwa ameshika sehemu kubwa ya nchi ya magharibi ya Tabora na kulazimisha kila mwenye msafara amjue. Mwandishi na msafiri Stanley alimlinganisha na Napoleon. Mtu kama huyo unampunguziaje askari? Lakini tazama silaha walizokuwa nazo: bunduki za gumegume zilezile ambazo Waarabu wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, walikuwa nazo, pengine chache zaidi, pamoja na mikuki. Kwa silaha Mirambo hakumzidi mtu. Aliwazidi kwa mwendo, kwa kuvizia, na kwa mahali alipokaa. Modi isiyobeba mambo hayo matatu itakuwa na jina la Mirambo tu.

Mwendo ulikuwa rahisi. Askari wa bunduki ana hatua 2 kwa zamu, rugaruga nimewapa 3, na pori haliwacheleweshi. Nchi yenyewe ni miombo kilomita kwa kilomita, kwa hiyo anayepita porini bila kupoteza hatua anafika kabla habari zake hazijafika.

Kuvizia kulinichukua muda mrefu, na mfano wangu ni vita vya 1871. Waarabu wa Tabora walikusanya jeshi ambalo Stanley, aliyekuwa pamoja nao, alilihesabu kuwa la watu zaidi ya 2,000. Kikosi chao kimoja, chini ya Soud bin Sayd, kilivamia boma la Ulyankulu na kuliteka. Mirambo alikuwa ameshatoka. Washindi wakabeba pembe na mateka, wakaanza safari ya kurudi, na Mirambo alikuwa amelaza watu wake kwenye majani marefu kando ya njia. Soud akauawa na kikosi chake kikasambaratika, baadhi ya watu wa Stanley wakiwamo. Agosti hiyohiyo Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akamuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu hao, na kuchoma sehemu ya mji.

Mtengenezaji wa kawaida angesoma habari hizo akaandika: alama tano za ziada rugaruga wakishambulia kutoka msituni. Si kosa, lakini kiini kimeachwa. Kilichowaua watu wa Soud ni mzigo. Jeshi lililoshinda na kupora ni zito, mikono imejaa, na kila mtu anafikiria nyumbani. Kwa hiyo kanuni yangu inamtazama adui: kikosi chochote kilichopora kigae (kipande kimoja cha ramani) au kuteka mji hupungukiwa alama 10 kikishambuliwa na rugaruga katika zamu inayofuata. Kanuni hiyo moja imebadilisha mchezo mzima kuliko nilivyotarajia. Mchezaji anayempiga Mirambo huanza kuogopa ushindi wake mwenyewe, anaacha mji mtupu bila kuuingia, anaweka walinzi pembeni kwanza. Naye anayemcheza Mirambo anajifunza kuachia boma kwa makusudi.

Sasa barabara. Misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, ikaendelea magharibi hadi Ujiji, na Urambo, makao ya Mirambo, iko upande huo wa magharibi. Vita ile ilipofunga njia, Stanley alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo ili amfikie mmisionari Livingstone, aliyekuwa akimtafuta. Aliyeshika pale alishika koo la biashara ya pembe, na chombo chake kilikuwa hongo: unapita, unalipa.

Civilization VI haijui hongo. Msafara wa biashara unaweza kuupora ukiwa vitani, au kuuacha upite bure ukiwa kwenye amani. Hakuna katikati, na Mirambo aliishi hapo katikati. Ikabidi niandike msimbo kwa Lua, lugha ya programu inayotumiwa na gemu: kila zamu programu inapitia misafara yote iliyo kwenye ramani, inaangalia kigae ilichosimama ni cha nani, na kama ni cha Mirambo inahamisha dhahabu kutoka hazina ya mwenye msafara kwenda kwake. Mchezaji anachagua kiwango. Hongo ya wastani hailalamikiwi na mtu, ya kukomoa inazalisha manung'uniko ya kidiplomasia ambayo siku moja yatageuka vita. Mirambo anayechezwa na kompyuta nimempa ajenda inayokwenda na hiyo: anawapenda wanaopitisha misafara kwake na kuwachukia wanaomzunguka. Hapo ugomvi wa Tabora unazaliwa wenyewe, sikuhitaji kuuandika.

Kuna swali la baruti pia, na ndilo linaloizuia dola hii isimeze ramani. Bunduki zilitoka pwani, baruti ilitoka pwani, na pwani ilikuwa ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Mirambo alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana mtu aliyewapiga Waarabu wa Tabora aliendelea kutafuta urafiki wa Zanzibar na wa balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk, akachanjiana udugu na Stanley mwaka 1876, akampokea mmisionari daktari Southon pale Urambo. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika shambulio la watu wake huko Pimbwe, na juhudi zote za miaka zikapata doa lisilofutika.

Tangu nyongeza ya Gathering Storm ya 2019, madini ya kimkakati yanawekwa akiba, na mwenye bunduki anahitaji shura, madini ya kutengenezea baruti. Nimemzuia Mirambo asichimbe shura kwenye ardhi yake. Anapata kwa kununua, kwa zawadi au kwa kupora, na kila pambano linakula kidogo. Akiba ikiisha, rugaruga wanabaki na mikuki na nguvu zao zinashuka hadi 38. Mchezaji aliyegombana na kila mtu hugundua kwamba jeshi lake kubwa halina meno. Huo ndio mzani wa modi, na ninaupenda kuliko kupunguza nambari hapa na pale kila watu wanapolalamika.

Rugaruga wenyewe ni bei rahisi kuunda, kwa sababu walikuwa vijana waliotoka kila upande: mateka wa vita, wapagazi waliotoroka misafara, watumwa waliokimbia, watu wasio na ukoo wa kuwasubiri. Walichokaa kwa ajili yake ni ngawira. Zamu kadhaa zikipita bila wao kupora chochote, gharama ya kuwatunza inapanda. Dola ya namna hiyo haiwezi kupumzika, na sitaki ipumzike.

Hapa linaingia jambo la mateka, ambalo sikutaka kulipita kimyakimya. Gemu ina mfano tayari: askari tai wa Waazteki akimshinda adui anaweza kumgeuza mjenzi. Kunakili mstari huo ni kazi ya dakika moja. Sikuunakili. Katika vita hivi kijana aliyetekwa aliweza kuingizwa jeshini, na wengi wengine waliuzwa, nao waliobaki walirudi kwenye vijiji vilivyoteketea. Kwa hiyo kwangu kikosi kilichoshindwa kinaweza kujiunga na rugaruga kikiwa dhaifu, na mji uliotekwa unapoteza wakazi zaidi ya kawaida. Kuuza watu hakuna kitufe wala dhahabu, lakini maelezo ya kihistoria ndani ya modi yanasema wazi kwamba barabara ile ilipitisha pembe na watumwa. Kuna waliotaka nimfanye Mirambo shujaa aliyepinga wageni, nukta. Kwa Wakonongo waliochomewa maboma hiyo ingekuwa dhihaka.

Tatizo ambalo gemu yenyewe haitaki litatuliwe ni kifo. Viongozi wa Civilization hawafi. Wanatawala tangu jiwe hadi roketi. Ilhali Mirambo alipokufa dola yake ilianza kumomonyoka chini ya mdogo wake Mpandashalo, na haikumaliza miaka kumi. Sababu iko kwenye namna alivyotawala: watemi walioshindwa hakuwaondoa wote, mara nyingi alimweka ndugu mtiifu wa ukoo uleule na kudai askari na pembe. Utii ulikuwa kwake yeye binafsi.

Kusini mashariki mwake, huko Ukimbu, mtawala mwingine, Nyungu ya Mawe, alitumia rugaruga walewale kwa njia nyingine. Aliwaweka watwale (wasimamizi) wake mwenyewe juu ya nchi alizoteka, watu waliowajibika kwake na si kwa ukoo wa mahali. Naye akafa Desemba 1884. Binti yake Mgalula akarithi, na dola ikasimama hadi Wajerumani walipofika.

Kwa mtengenezaji wa modi hiyo ni zawadi, maana gemu ina mfumo wa utii wa miji na wa magavana tangu 2018. Mirambo na Nyungu ni viongozi wawili wanaogawana kikosi kimoja. Nyungu anapata magavana mapema na kwa wingi, miji yake inatulia, lakini anapanuka taratibu. Mirambo ana kikosi cha pekee kwenye ramani, Mtemi, ambacho ni yeye mwenyewe akiwa vitani, kama alivyozoea. Mji ulio ndani ya vigae 6 kutoka kwa Mtemi hauasi kamwe. Mji ulio mbali naye unapoteza utii kila zamu, na Mtemi akiuawa miji yote iliyotekwa inashuka alama 40 kwa pigo moja. Kwa hiyo unakimbia huku na huku kuziba nyufa, na kadiri unavyoteka ndivyo safari zinavyoongezeka.

Wakimbu na Wanyamwezi si watu wamoja, najua, na mtu wa Kiwere au Sikonge, huko kwenye nchi hizo, ana haki ya kunisema. Nimeacha majina ya miji ya kila kiongozi yawe tofauti ili angalau hilo lisichanganywe.

Toleo linalofuata litamwongeza Isike, mtemi wa Unyanyembe, kwa sababu Mirambo bila mpinzani wa Tabora amekosa nusu ya maisha yake. Isike ni kinyume chake: anakaa, anajenga, kuta zake ni nene. Januari 1893, Wajerumani walipoingia ndani ya ngome yake, aliilipua ghala ya baruti akiwa humo. Kwenye msimbo nimelijaribu kama uwezo wa mji: ukitekwa wakati akiba ya shura imejaa, kikosi kilichouteka kinapata majeraha kulingana na kiasi kilichokuwamo. Kwa sasa majeraha hayo yanaua kikosi chochote kizima, hata vifaru, kwa hiyo nitayawekea kikomo cha 60 kabla sijaliachia.