SAM CLI: dhana potofu zinazowagharimu wanaoanza

AWS SAM CLI ni zana ya kujenga programu na kuipeleka kwenye wingu la Amazon (AWS). Amri zake ni chache: `sam init`, kisha `sam build`, kisha `sam deploy`, na programu yako iko kwenye wingu. Nadhani wepesi huo ndio unaozaa dhana nyingi kati ya hizi.

Dhana: "Sam deploy inapakia msimbo tu."

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Ni kweli kwamba msimbo hupakiwa, lakini baada ya hapo `sam deploy` huikabidhi CloudFormation, huduma ya AWS inayosimamia rasilimali za programu, faili lako la `template.yaml` linaloziorodhesha. CloudFormation hulilinganisha na lile la mara ya mwisho, kisha huunda, hubadilisha au hufuta rasilimali ili zifanane na ulichoandika.

Chukua mfano wa jedwali la DynamoDB, hifadhidata ya AWS. Ukibadilisha jina lake kwenye faili, wewe unaona umesahihisha neno moja. CloudFormation haiwezi kulipa jedwali lililopo jina jipya, kwa hiyo inaunda jingine tupu, halafu inafuta la zamani pamoja na data yake. Wengi hudhani `DeletionPolicy: Retain`, agizo la kubakiza rasilimali isifutwe, inatosha kuwakinga. Haitoshi: rasilimali inapobadilishwa kwa nyingine, kinga yake ni `UpdateReplacePolicy: Retain`. Ziandike zote mbili kwenye kila kitu kinachohifadhi data.

Tena, unapoendesha `sam deploy --guided`, kubali kuulizwa kabla mabadiliko hayajatekelezwa. Utaonyeshwa orodha yenye safu iitwayo Replacement. Ukiona True kwenye mstari wa jedwali lako, simama hapo hapo. Tafadhali isome orodha hiyo kila mara, hata siku ambayo una haraka.

Dhana: "Imekubali kwenye kompyuta yangu, basi na kwenye wingu itakubali."

`sam local invoke` huendesha funksheni (kipande cha msimbo wako) ndani ya kontena la Docker, yaani mazingira yaliyotengwa kwenye kompyuta yako, na kwa kupima mantiki ya msimbo ni msaada mkubwa. Ila kontena hilo linatumia utambulisho wako wewe, ambao mara nyingi una ruhusa tele. Kwenye wingu, funksheni inatumia ruhusa ulizoiandikia kwenye faili na si zaidi. Ndiyo maana kosa la AccessDenied hujitokeza baada ya kupeleka, wakati majaribio yote yalipita salama. Ruhusa hupimwa kwenye wingu lenyewe, katika akaunti ya majaribio.

Dhana: "Kumbukumbu ndogo ndiyo nafuu."

Lambda, huduma ya AWS inayoendesha funksheni zako, hukubali kumbukumbu kuanzia MB 128 hadi 10,240, na nguvu ya prosesa huongezeka sambamba na kumbukumbu. Ukifika MB 1,769 unapata sawa na prosesa moja kamili. Gharama hutokana na kumbukumbu mara muda. Funksheni yenye hesabu nyingi ikiongezewa kumbukumbu inaweza kumaliza mapema kiasi kwamba bei inabaki ile ile, au hata inashuka. Pima, usikisie.

Dhana: "Samconfig.toml ni mahali pazuri pa kuweka nenosiri."

Hapana. Faili hilo la mipangilio ya SAM huingia kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, pamoja na mengine. Nenosiri liweke Secrets Manager, huduma ya AWS ya kutunza siri, na funksheni ipewe ruhusa ya kulisoma.

Dhana: "Sam delete husafisha kila kitu."

Hufuta kilichomo kwenye template, isipokuwa ulivyoviwekea Retain. Ndoo ya S3 (hifadhi ya mafaili ya AWS) yenye mafaili itagoma kufutwa mpaka uimwage kwanza. Rekodi za utendaji (logs) ambazo Lambda yenyewe ilizifungulia kundi kwenye CloudWatch, huduma ya AWS ya ufuatiliaji, hubaki vilevile, na kwa kawaida hazina tarehe ya kuisha. Dawa yake ni kulitangaza kundi hilo la rekodi kwenye template tangu mwanzo, ukiandika `RetentionInDays: 14` au idadi nyingine inayokufaa kati ya zile zinazokubaliwa.