Haja ya ghafla: maana yake kwa mtu mwenye mchochota wa utumbo

Kila mtu amewahi kubanwa. Uko katikati ya mazungumzo, tumbo linaashiria, unajikaza, unamalizia ulichokuwa unasema, kisha unaomba radhi na kwenda msalani. Kitenzi hicho kimebeba pande zote mbili za jambo: haja inambana mtu, na mtu naye anaibana haja. Kwa wengi wanaoishi na magonjwa ya mchochota wa utumbo, upande wa pili umedhoofika au umepotea kabisa. Haja inambana, naye hana nguvu ya kuibana. Hali hiyo ndiyo inayoitwa haja ya ghafla: hamu kali ya kwenda haja kubwa, inayokuja bila taarifa au kwa taarifa fupi mno, na isiyokubali kuahirishwa.

Mchochota ni ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kuwa nyekundu, kupata joto na kuuma. Katika magonjwa haya, kinga ya mwili inashambulia utumbo wenyewe, na hali hiyo hudumu kwa miaka, ikitulia na kuamka tena. Makuu ni mawili. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana, na karibu siku zote huanzia kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo, kisha hupanda juu. Ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932, unaweza kushika popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, na hupenda zaidi mwisho wa utumbo mdogo.

Ili kuelewa kwa nini haja inakuwa ya ghafla, inabidi kuitazama puru kwa karibu, maana watu wengi hudhani ni bomba tu la kupitishia uchafu. Puru ni ghala. Kinyesi kikiingia, kuta zake hulegea na kutanuka taratibu, na kadiri zinavyotanuka ndivyo msukumo unavyopungua. Ndiyo maana mtu mzima wa afya akibanwa anaweza kungoja kidogo na hamu ikapita, akaja kukumbuka baada ya saa nzima. Chini ya ghala hilo kuna mlango wenye misuli miwili. Wa ndani hujibana wenyewe bila mtu kuwaza, usiku na mchana. Wa nje ndio tunaoutawala kwa hiari. Kinyesi au hewa inapofika, msuli wa ndani hulegea kidogo ili ngozi ya pale, yenye mishipa mingi ya fahamu, itambue kilichokuja: hewa, maji au kigumu. Hapo ndipo mtu anaamua.

Msuli wa nje, kwa nguvu zake zote, hauwezi kujibana zaidi ya takriban dakika moja. Baada ya hapo unachoka. Kwa mtu mwenye afya dakika hiyo inatosha, kwa sababu puru inakuwa imeshalegea na wimbi limepita. Kwa mwenye mchochota, kuta za puru zimevimba, zina vidonda, zimekakamaa. Hazitanuki. Kiasi kidogo tu cha kinyesi, au hata ute na damu, kinatosha kuleta msukumo wa ghala lililojaa. Mishipa ya fahamu nayo imewashwa na mchochota, kwa hiyo inapiga kelele kwa jambo dogo. Msuli wa nje unajibana, dakika inakwisha, na wimbi bado lipo palepale.

Ongeza kwamba kilichofika mara nyingi ni maji. Utumbo mpana hupokea kiasi cha lita moja na nusu ya majimaji kwa siku na kuyafyonza karibu yote. Ukiwa na vidonda haufyonzi sawasawa, na maji ni magumu kuyazuia kuliko kigumu. Ongeza pia kwamba tumbo la chakula likipokea mlo, utumbo mpana huamshwa usukume kilichomo, na msukumo huo huwa mkubwa asubuhi. Ndiyo sababu wagonjwa wengi husema saa mbaya kwao ni baada ya kuamka na baada ya kula. Wengine huamua kutokula kabisa kabla ya kutoka nyumbani. Wanafanya hivyo kwa kuogopa njia, hata kama njaa inawauma.

Ukitembea na mtu mwenye hali hii, kuna kitu utakiona bila kukielewa. Anasimama ghafla. Anashika ukuta au ukingo wa kitu kilicho karibu, macho yametulia chini, pumzi kaizuia. Ukimsemesha hajibu, na si kwamba amekukasirikia. Baada ya sekunde kadhaa anashusha pumzi, anaanza kutembea upya, haraka kuliko mwanzo, na akili yake yote iko kwenye mlango mmoja tu. Mtu huyo, kabla hamjatoka, alikuwa ameshahesabu vyoo vyote vya njiani. Kumwambia "jikaze kidogo" ni kumwomba kitu ambacho mwili wake hauna. Naliandika hili kwa uchungu, kwa kuwa maneno hayo husemwa sana na watu wanaompenda mgonjwa kwa dhati.

Watu huchanganya haja ya ghafla na mambo mengine matatu. Kwenda choo mara nyingi ni hesabu: mara nane, mara kumi kwa siku. Mtu anaweza kwenda mara nane bila haraka, na mwingine akaenda mara mbili tu lakini zote mbili akakimbia. Kuna pia kule kuhisi bado kuna kitu cha kutoa ilhali puru ni tupu, mtu akakaa chooni akijikamua bure. Hilo nalo hutokana na puru iliyovimba. Na kuna kujichafulia, yaani kinyesi kutoka kabla ya kufika chooni. Kujichafulia kunaweza kuwa mwisho wa haja ya ghafla, ila wapo wengi ambao hawajawahi kujichafulia hata siku moja na bado maisha yao yote yamepangwa kwa hofu ya kwamba leo huenda ikatokea.

Jambo linalowavunja moyo wagonjwa zaidi ni haja ya ghafla kubaki hata baada ya ugonjwa kutulia. Kipimo cha kamera kinaonyesha utumbo umepona, damu hakuna, naye bado anakimbia. Hajidanganyi. Mchochota wa miaka unaweza kuacha makovu yaliyoifanya puru iwe ngumu na ndogo. Mishipa ya fahamu inaweza kubaki na wepesi wake wa kushtuka. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia puru na kibofu kutoka chini, inaweza kuwa dhaifu, hasa kwa mama aliyechanika wakati wa kujifungua. Kwa mwenye Crohn aliyekatwa mwisho wa utumbo mdogo, chumvi za nyongo zilizopaswa kufyonzwa pale humwagika kwenye utumbo mpana na kuufanya utoe maji. Kila sababu ina tiba yake, kwa hiyo kuambiwa "kipimo kiko sawa" hakupaswi kuwa mwisho wa mazungumzo.

Tiba ya kwanza ni kuutuliza mchochota wenyewe. Ugonjwa ukiwa umeshika puru peke yake, mesalazini, dawa ya kutuliza mchochota wa utumbo, ya kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa hufika pale panapouma moja kwa moja. Shida ni kwamba puru iliyowaka haikubali kushika dawa ya maji. Ya kidonge cha kuingiza au ya povu huwa rahisi kuvumilika. Ugonjwa ukiwa mkubwa zaidi kuna steroidi, dawa kali za kushusha mchochota, za muda, na kuna dawa za kutuliza kinga kama infliksimabu na vedolizumabu. Chumvi za nyongo hunaswa na unga wa kolestiramini. Misuli dhaifu hufundishwa upya na mtaalamu wa fiziotherapia. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, hupunguza mwendo wa utumbo na huwasaidia baadhi ya watu ugonjwa ukiwa umetulia, lakini usiimeze kwa uamuzi wako wakati kolaitisi imeamka vikali, kwani utumbo mpana unaweza kutanuka kwa hatari. Na haja ya ghafla ikiamka upya baada ya utulivu, kinyesi kipimwe kwanza kama kuna maambukizi, kabla ya kudhani ni ugonjwa uleule umerudi.

Kwa muda mrefu hali hii haikuhesabiwa. Alama za Mayo za mwaka 1987, zinazotumika sana katika utafiti wa kolaitisi, huuliza mgonjwa ameenda mara ngapi na kama kuna damu. Haja ya ghafla haimo. Kipimo kingine cha mwaka 1998 kiliiweka, kikitofautisha anayeharakisha, anayelazimika kwenda papo hapo na anayeshindwa kujizuia. Siku hizi majaribio ya dawa humwomba mgonjwa ataje namba kati ya 0 na 10 kwa saa 24 zilizopita, na dawa ya mirikizumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa kolaitisi mwaka 2023, ilipimwa pia kwa namba hiyo.

Kwenye chumba cha daktari, dakika husaidia kuliko neno "naharisha". Mwambie: "Nikibanwa nina dakika mbili. Miezi mitatu iliyopita nilikuwa na kumi. Wiki hii nimejichafulia mara moja, usiku naamka mara mbili." Ukiwa na homa, damu nyingi, moyo kwenda mbio au tumbo lililojaa na kuuma, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo.