Nikifika msituni naangalia miche kwanza

Kwetu Newala maji yalikuwa kitu cha kuteremkia. Uwanda wa juu wa Makonde ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha huzama papo hapo, mto juu hakuna, chemchemi ziko chini mabondeni. Nimebeba ndoo kichwani kwenye miteremko ile mpaka nikaijua jiwe kwa jiwe. Ndiyo maana Septemba moja, nilipopelekwa kwa shangazi Masasi nikakuta miombo imechipua majani mekundu juu ya ardhi kavu kabisa, nilikasirika. Sisi tunagombea ndoo moja, mti umepata wapi maji? Shangazi akanijibu, "Mti umeweka, mwanangu." Leo mimi ni mtaalamu wa ikolojia ya mimea, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutafuta hicho ambacho mti umeweka: ni nini, kiko wapi, na kitautosha mpaka lini.

Kazi yenyewe huanza saa kumi usiku, tochi kichwani. Nakata kitawi, nakifunga ndani ya chemba ya chuma huku kikonyo kikichungulia nje, kisha nafungulia gesi ya naitrojeni taratibu mpaka tone dogo la maji litokeze pale nilipokata. Shinikizo lililolitoa tone hilo linanionyesha mti ulikuwa unayavuta maji kwa nguvu kiasi gani. Per Scholander na wenzake ndio waliowafungulia wataalamu njia hii mwaka 1965, na hadi leo sijaona kifaa kinachonipa ukweli wa mti kwa uwazi kuliko hiki. Tairi la gari dogo hujazwa paundi 30 hivi. Jani la katikati ya kiangazi laweza kudai mara kumi ya hizo ndipo liachie tone.

Kwa nini usiku? Mchana vitundu vya jani, stomata, viko wazi: hewa ya ukaa inaingia, maji yanatoka. Usiku vinafungwa, na polepole mti unalingana na udongo ulioshika mizizi yake. Kwa hiyo jani la alfajiri huniambia hali ya udongo kule chini ambako jembe halifiki.

Jambo ambalo wanafunzi huchelewa kulielewa ni kwamba maji ya mti yanavutwa kutoka juu. Ni kama uzi mmoja kutoka mzizini hadi jani. Udongo ukikauka uzi unakaza, na ukikaza kupita kiasi unakatika. Kiputo cha hewa kinaingia, na mfereji mwembamba wa ndani ya mti uliobeba uzi huo haupitishi maji tena. Mifereji mingi ikizibwa, tawi linakauka, na baadaye mti wote. Mti unaofunga vitundu vyake mapema huukwepa mkatiko huo, lakini unakaa na njaa, kwa sababu hewa unayotengenezea chakula nayo imefungiwa nje. Unaoviacha wazi unakula, na unahatarisha mifereji yake. Mpingo hupukutisha majani na kungoja. Mbuyu nao hupukutisha, na wengi huamini tumbo lake ni tangi la kunywea kiangazi kizima. Vipimo vilivyofanywa kwa mibuyu ya Madagaska vilionyesha kwamba akiba ile hutumika hasa kuchipushia majani kabla ya mvua, basi. Wala ukubwa si kinga. Mwaka 2018 Adrian Patrut na wenzake walieleza kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote waliyoijua Afrika, 9 ilikuwa imekufa, yote au mashina yake ya kale, ndani ya miaka 12 hivi.

Watu wakiniuliza juu ya ukame huanza na mvua. Mimi huanza na hewa. Kila joto likiongezeka nyuzi moja ya Selsiasi, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Maana yake inayanyonya majani na udongo kwa pupa kubwa zaidi. Mvua ya mwaka inaweza kubaki ileile kwenye daftari la kituo cha hali ya hewa, na mti bado ukawa na kiu kuliko mwaka ambao bibi yako alikuwa msichana.

Sasa nije kwenye miche, maana hapa ndipo nilipokosea. Miaka yangu miwili ya kwanza katika misitu ya Lindi nilipima miti mikubwa tu, na matokeo yalinipendeza: ilikuwa imara, mizizi imekwenda chini. Asubuhi moja mzee aliyekuwa akiniongoza alipokea shikamoo yangu, akakaa juu ya gogo, akaniuliza: "Bibi miti, hii mikubwa unaipima kila siku. Watoto wake umewaona?" Nilizunguka viwanja vyangu vyote siku ile nikiwa nimeinamia chini. Kuna viwanja sikukuta mche hata mmoja.

Myombo hupasua maganda yake mwishoni mwa kiangazi kwa mlio unaousikia ukiwa mbali, mbegu zikaruka. Mbegu hizo hazina subira ya kulala ardhini miaka. Mvua ya kwanza ikigusa, zinaota. Kisha mche hufanya jambo linalofanana na ming'oko yetu, ile ambayo akina mama wanaichimba vichakani na kuichemsha: huweka akiba chini. Kiangazi kikifika, kijiti cha juu kinakufa. Masika yakirudi, mzizi unachipua tena. Unaweza kuendelea hivyo miaka kadhaa, juu mche wa kiganja kimoja, chini mzizi unaonenepa. Emmanuel Chidumayo wa Zambia amelifuatilia suala hili la miombo kuzaliwa upya kwa miaka mingi, na nimejifunza mengi kwake.

Chukua sasa mvua inyeshe mapema Desemba, ikatike wiki tatu. Mkulima wa mahindi anaumia, anatafuta mbegu nyingine, anapanda upya. Myombo hauna mbegu ya pili. Mzizi wa mche ule ulikuwa bado uzi. Ongeza moto unaopita msituni kila mwaka, na ufyekaji, maana sitaki kuutwika ukame kila lawama. Msitu unaweza kuonekana mzima ukiutazama kutoka barabarani, kumbe miti yote unayoiona ilishika mizizi kwa mvua za zamani.

Na ukanda wetu ni mgumu kuutabiria. El Niño huelekea kuleta mvua nyingi Afrika Mashariki na ukame kusini mwa bara, nasi tumekaa mpakani. Mwaka 2024 Rufiji kulikuwa na mafuriko, huku Zambia, Malawi na Zimbabwe zikitangaza ukame kuwa janga la taifa. Lindi na Mtwara ziko katikati ya hao, kwa hiyo anayekuambia kwa uhakika miombo yetu itakuwaje miaka 50 ijayo anakisia.

Vijana wanaoniandikia wakitaka kazi hii huuliza wasome nini. Botania, takwimu, na kompyuta kidogo, ndiyo. Lakini jifunzeni pia kukaa na wazee mpaka wawatajie mti kwa Kimwera na kwa Kimakonde, kwa sababu mara nyingi jina lenyewe hubeba habari ya mahali mti unapopenda kukaa. Na mzoee kungoja. Swali la mche mmoja linaweza kula miaka kumi ya maisha yako.

Nimefunga vibati vyenye namba kwenye miche ya viwanja vyangu. Juu sasa yote imekauka, ukipita unaweza kudhani ni vijiti vya kuwashia moto. Mvua ya kwanza ikishanyesha nitarudi na daftari, nipige magoti, nitazame namba moja baada ya nyingine.