Spea Ambayo Gari Lako Halijaionja

Jumamosi iliyopita MGB ya mwaka 1970, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, ililetwa gereji kwangu juu ya lori kutoka njia ya Mai Mahiu. Nilipofungua buti sikuona pa kuweka hata mwavuli. Kulikuwa na oltaneta, stata, pampu ya maji, koili mbili, gasketi za kila aina, na rota tatu mpya, karatasi zake zikiwa zimechanwa. Mwenyewe, mzee mstaarabu anayelipenda gari lake kama mtoto, aliniuliza kwa uchungu: "Fundi, nimebeba gari la pili humu nyuma. Mbona nimelala njiani?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno mwaka huu, na kila nikilifuatilia nakuta imani ileile: kwamba spea ikiwa mpya, basi ni nzima.

Sivyo, na kwenye magari haya imani hiyo inawaangusha watu kila wiki. MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Kiwanda kilishafungwa zamani, na vipuri vingi vya kuwashia moto vinavyouzwa leo ni vya kuiga. Vingine ni vizuri sana. Vingine ni takataka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Chukua hiyo rota. Kazi yake ni kuzunguka ndani ya distributa, kigawa umeme wa plagi, ikipokea umeme mkali wa koili katikati ya kifuniko na kuupeleka kwa kila plagi kwa zamu. Kinachouzuia umeme huo usikimbilie kwenye shafti iliyo chini ni plastiki tu. Kwenye rota nyingi mbovu shaba ya juu imeshikiliwa kwa riveti inayoshuka karibu mno na shafti, na plastiki yenyewe ni dhaifu. Injini ikipata moto, cheche inatoboa tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Kuanzia hapo umeme unaishia kwenye bodi na plagi hazipati kitu. Ukiishika mkononi, rota inang'aa kama ilivyotoka dukani.

Yule mzee gari lilianza kumisi, yaani kukatakata moto, akipanda mlima. Alibadilisha rota kwanza kwa kuwa ndiyo rahisi kuifikia, na gari likazima kabisa. Akaweka ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Zote zilitoka pakiti moja, na ubovu wao ulikuwa mmoja. Lakini kwa kuwa zilikuwa mpya hakuzishuku hata kidogo. Akahamia kwenye koili, akafungua mabomba ya petroli, akakaa juani kwa muda wa saa nne. Rota yake ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, alikuwa ameshaitupa mtaroni.

Kuipima rota hakuhitaji mashine. Vua kifuniko cha distributa, rota ibaki mahali pake. Chomoa ule waya mnene wa koili kutoka katikati ya kifuniko, ushike kwa koleo yenye mipini ya mpira mzima, ncha yake iwe milimita tano hivi juu ya shaba ya rota. Washa swichi, mwambie mwenzako apige stata. Hakikisha hakuna petroli inayovuja karibu. Rota nzima haiiti cheche, maana umeme hauna pa kwenda. Ukiona cheche zinaruka mfululizo kuingia kwenye shaba, rota imetoboka. Nilimwonyesha mzee hivyo hivyo, rota moja baada ya nyingine, na zote tatu zilikula cheche mbele ya macho yake.

Na ugonjwa wenyewe wa awali? Kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue kwa cheche. Nayo ilikuwa mpya, ya mwezi mmoja. Kondensa mbovu ina tabia ya kukudanganya: asubuhi gari linawaka vizuri, baada ya nusu saa joto likipanda linaanza kumisi, ukisimama likapoa linarudi kama halijawahi kuumwa. Watu wakiona hivyo husema petroli inachemka kwenye mabomba, na hununua pampu. Vua kifuniko kwanza, utazame pointi, ile swichi ndogo ndani ya distributa inayokata na kuunga umeme wa koili, injini ikizungushwa. Cheche kubwa ya kung'aa kati ya pointi, au uso ulioungua, inaelekeza kwenye kondensa.

Kwa hiyo nawasihi wateja wangu jambo moja, na nitaendelea kulirudia. Spea mpya ifunge kwenye gari ungali nyumbani. Pointi, kondensa, rota, kifuniko, hata koili. Tembea nayo kilomita mia tatu au zaidi, na zipite siku za jua kali na foleni. Ikikaa sawa, una chaguo mbili: iache humo na ubebe ile ya zamani iliyokuwa nzima, au rudisha ile ya zamani na ubebe hii mpya iliyokwisha kujaribiwa. Mimi napendelea kubeba ile ya zamani, kwa sababu imeshanithibitishia miaka. Ifunge kwa kitambaa, itie kwenye mkebe wa majani ya chai, na uandike tarehe uliyoivua. Mkebe huo mmoja una thamani kuliko buti zima la maboksi ambayo hayajafunguliwa. Weka humo pia kipimo cha pointi, maana pengo la MGB ni milimita 0.35 hadi 0.40, na sijakutana na mtu wa kulikisia sawasawa kwa jicho gizani.

Mengine ninayoambiwa na wateja nitayapitia haraka.

"Lazima nibebe oltaneta na stata." Ya nini? Stata ikifa, sukuma gari uingize gia ya pili. Oltaneta ikiacha kuchaji mchana, zima taa, redio na feni ya hita. Koili na pampu ya petroli ya SU hazili umeme mwingi, na betri iliyojaa itakuvusha mbali. Betri iliyochoka haitakuvusha, kwa hiyo pesa ya oltaneta ya akiba nunulia betri.

"Umeme wa Lucas una laana." Nimechoka na neno hili kuhusu Lucas, waliotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya. Waya hizo zimefanya kazi zaidi ya nusu karne. Ninachokuta karibu kila mara ni viungio vyenye kutu na waya wa ardhi uliolegea kwenye bodi. Beba taa ya kupimia, mita mbili za waya na msasa mwembamba. Usibebe fyuzi za kisasa za ampea 35 ukadhani umepata sawa na zile za kioo: 35 iliyoandikwa kwenye ya Lucas ni kiwango cha kuikata, na mzigo wake wa kudumu ni takriban ampea 17. Ukiweka ya kisasa ya 35, waya unaweza kuungua kabla ya fyuzi.

"Pampu imekufa, niletee nyingine." Washa swichi, usikilize. Ikiwa hakuna mlio wa tik-tik nyuma upande wa kulia, igonge polepole kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingi huamka, kwa sababu pointi zake za ndani huchafuka gari likikaa muda mrefu. Ukifika, isafishwe siku hiyohiyo. Na ikitoa tik-tik bila kunyamaza, angalia kwanza kama tangi lina petroli.

"Seti ya spana za milimita inatosha." Nati nyingi za MGB ni za inchi. Spana ya 14 haiingii kwenye nati ya 9/16, na ya 15 inacheza hadi inakula pembe. Beba 7/16, 1/2 na 9/16, mbilimbili, kwani moja hushika kichwa cha bolti na nyingine hufungua nati.

"Fenibelti ikikatika nitafunga soksi ndefu." Belti ni nyepesi na inajikunja kama mshipi. Beba belti, pamoja na lita moja ya mafuta ya 20W-50 na maji ya kutosha.

Na wenye magurudumu ya spoki: tairi la akiba peke yake halikufai. Nati ile ya katikati yenye masikio haifunguliwi kwa wili spana, inataka nyundo ya shaba. Neno la kufungulia na mshale wake vimechorwa juu ya nati, na kulia na kushoto zinazunguka kinyume, kwa hiyo soma kabla ya kupiga. Nyundo iwe mahali mkono unapofika bila kupakua mizigo. Ya yule mzee tuliikuta chini kabisa, chini ya stata.