Leza ya macho: yanayosemwa barazani Lamu na yaliyo kweli

Mji wa Lamu ni mdogo. Mtu aliyevaa miwani minene tangu shule ya msingi akionekana siku moja uso mtupu, habari hufika mtaa wa Langoni kabla yake. Mimi nilifanyiwa leza ya macho Nairobi, upasuaji wa kutumia mwanga ili niache miwani, na tangu nirudi sipiti mbele ya baraza bila kuitwa. Swali lenyewe huwa limeshabeba jibu: eti jicho linachomwa, eti ukipepesa tu umepofuka, eti siku ya pili unajitupa baharini. Ami yangu mmoja aliufunga mjadala kabla haujaanza: "Mato hayatezewi." Kweli hayachezewi. Lakini kwa ninavyosikia, wengi wetu tunaogopa yasiyo na kitisho, na yanayotaka uangalifu hasa tunayapuuza. Mengi kati ya hayo huja baada ya upasuaji, ukiwa umesharudi nyumbani.

"Leza inatibu macho"

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu nauli. Leza tunayoizungumzia haitibu macho kwa jumla. Inabadilisha umbo la konea, basi. Konea ni ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, na unene wake katikati ni kama nusu milimita. Kwa asiyeona mbali, mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina iliyo nyuma, ama kwa sababu jicho ni refu kupita kiasi au konea imebinuka mno. Leza huinyoa konea kidogo katikati ili ubinuko upungue. Ndani ya jicho haiendi.

Kwa hiyo bimkubwa mwenye mtoto wa jicho asisafirishwe kwa ajili hii. Tatizo lake liko kwenye lenzi ya ndani iliyoingia ukungu, na tiba yake ni kuitoa hiyo lenzi na kuweka ya bandia. Najua mkanganyiko unakotoka: wapo waliotolewa mtoto wa jicho, baada ya miezi au miaka wakaanza kuona ukungu tena, kwa kuwa kile kifuko kinachoshika lenzi mpya kimefanya utando. Wakarudi hospitali, wakapigwa leza kwa dakika chache, wakaona. Hiyo ni leza nyingine, inaitwa YAG. Presha ya macho ina leza zake, na retina iliyoharibiwa na kisukari ina yake pia. Kile kinyama kinachoota kutoka pembeni mwa jicho, ambacho wavuvi wetu wengi wanacho kwa jua na upepo wa miaka, hukatwa kwa upasuaji wa kawaida. Majina yanafanana, kazi mbalimbali.

"Wanakuchoma jicho"

Leza inayonyoa konea ni ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Nguvu yake huvunja vifungo vya molekuli, tishu ikatoka kama mvuke, na tishu ya pembeni haipati moto wa maana. Mwaka 1981 Rangaswamy Srinivasan na wenzake wa kampuni ya IBM, Marekani, waliijaribu kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, wakaona inachonga bila kubabua kingo. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel akaijaribu na Srinivasan kwenye macho ya ng'ombe. Kutoka hapo ndipo ikaja kwa binadamu.

Ila nikubali kwamba harufu ipo. Unalala chali, umewekewa matone ya ganzi, kope zimeshikwa na kidude cha waya zisifunge, unakodolea taa inayomemeta juu yako. Mashine inagonga ta-ta-ta-ta, kisha pua inapata harufu kama ya nywele zilizoungua. Ni ile tishu inayotoka. Mimi sikusikia maumivu wakati ule, na leza yenyewe kwa jicho moja mara nyingi haifiki hata dakika. Nilipomsimulia ami habari ya harufu akapiga kofi: "Si nilikwambia umechomwa!"

Kuhusu kupepesa: huwezi, kwa sababu ya kile kidude. Na jicho likisogea, mashine inalifuata mboni. Likienda mbali kupita mpaka, inajizima yenyewe. Kupofuka kabisa kwa upasuaji huu ni jambo adimu sana. Adimu, sikusema halipo. Maambukizi yakiingia yasitibiwe mapema yanaweza kuharibu konea, na ndiyo maana nitarefusha maneno kwenye habari ya kupona.

"Kesho yake umeshapona"

Anayesema hivi kwa kawaida amemwona mtu wa LASIK. Huko daktari hukata kifuniko chembamba juu ya konea, hukifunua, hupiga leza chini yake, kisha hukirudisha. Wengi huamka asubuhi wakaona saa ya ukutani, wakalia kwa furaha. Binamu yangu wa Malindi alifanyiwa hiyo, na siku ya pili alikuwa anasoma mabango ya dukani kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

Mimi nilipewa PRK, ambayo ni ya zamani zaidi. Hapo hakuna kifuniko. Ile ngozi nyembamba ya juu ya konea hukwanguliwa, leza hupigwa, na jicho huvishwa lenzi laini kama bandeji mpaka ngozi iote tena, kwa kawaida siku 4 au 5. Siku za mwanzo ni kali, na tuseme kweli. Machozi yanatoka yenyewe, mwanga wa dirisha unachoma, unahisi mchanga chini ya kope na huwezi kusugua. Nilikaa kwa jamaa zangu Nairobi, pazia zimefungwa, nikisikiliza redio. Halafu lenzi ikatolewa na bado nikaona ukungu. Kuona kulikuja polepole kwa wiki, siku moja nzuri, siku ya pili nimerudi nyuma. Hakuna aliyenidanganya. Daktari alinieleza mapema kwamba PRK hukawia hivyo, na mwishowe matokeo yake hulingana na ya LASIK.

Kwa nini basi mtu achague ya maumivu? Mara nyingi ni hesabu ya unene. Chukua konea ya maikroni 480, yaani chini ya nusu milimita. Kifuniko cha LASIK kinakula kama 110. Kila dayopta moja, yaani kipimo cha nguvu ya miwani, inakula maikroni 12 hadi 15 hivi, basi mwenye dayopta 10 anapoteza kama 130. Zinabaki 240, na kanuni ya kawaida inataka zibaki zisizopungua 250 chini ya kifuniko, la sivyo konea inaweza kudhoofika na kuanza kuchomoza. Pia kile kifuniko hakiungi tena kwa nguvu ya awali. Wapo waliopigwa jichoni miaka baadaye kikasogea. Anayecheza karate au ndondi afikirie hilo.

"Ukiona vizuri, maisha kama kawaida"

Hapa ndipo pwani yetu inapotofautiana na Nairobi, na karatasi ya maagizo ya kliniki haielezi yote.

Bahari kwanza. Maji ya chumvi tumeyazoea kama dawa, na bado wapo wanaoamini kuwa jicho lenye uchafu likaoshwe ufukweni. Jicho lililopasuliwa lina njia wazi ya vijidudu. Kuogelea, baharini au bwawani, husubiri wiki kadhaa; madaktari hutofautiana kati ya wiki 2 na miezi 2, nawe fuata wa kwako. Asali, maziwa ya mama, maji ya majani, vyote viache jikoni. Dawa za kienyeji za kutia jichoni ni sababu inayojulikana ya upofu wa konea Afrika, hata kwa macho ambayo hayajapasuliwa.

Pili ni kusi. Kuanzia Aprili hivi upepo unavuma, na ukipita ufukwe wa Shela mchanga unakupiga usoni. Miwani ya jua si urembo: inazuia mchanga, na kwa aliyefanyiwa PRK inazuia urujuanimno unaoweza kuifanya konea ipate ukungu miezi ile ya kupona. Usiku nilibandika ngao ya plastiki kwa plasta ili nisijisugue usingizini. Moshi wa makaa nao niliukimbia, na kwa kuwa sipiki hilo halikuwa jambo gumu. Kwa kina mama ni jambo la kupanga na watu wa nyumbani kabla ya safari. Wanja usubiri kama wiki 2.

Udhu umeniletea maswali kuliko yote. Siku za mwanzo maji ya bomba hayatakiwi jichoni. Fiqhi haikutaki uoshe ndani ya jicho, ni uso wa nje tu, na aliyekatazwa maji usoni kwa ugonjwa ana ruhusa ya kutayamamu. Muulize shehe wako utaratibu kabla ya kwenda, usianze kufikiri msikitini umeshika kopo. Na aliyeangukiwa na Ramadhani asiache matone kwa kuogopa saumu: katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi huku, matone ya jicho hayabatilishi funga. Kuyaacha ndiko kunakokuharibia jicho.

Matone yenyewe huwa ya namna tatu: ya kuzuia vijidudu, ya steroidi ya kupunguza uvimbe, na machozi ya bandia. Ya steroidi yanataka heshima. Yakitumiwa muda mrefu bila kupimwa huweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya, na huku kwetu si ajabu mtu akaenda duka la dawa na chupa tupu akasema "nipe kama hii." Usifanye hivyo, na usimgawie jirani mwenye macho mekundu.

Ukavu ni mgeni anayekaa sana. Leza na kisu hukata neva ndogo za konea zinazoliambia jicho litoe machozi, na neva huchukua miezi kuota. Kwa wengi ukavu hupungua ndani ya miezi 6 hadi 12, wachache hubaki nao. Mimi machozi ya bandia bado yako mfukoni. Usiku taa hufanya duara za mng'ao, hasa taa ya bodaboda inayokuja mbele. Huko pia wengi huona nafuu kwa muda, lakini anayeendesha gari usiku barabara ya Malindi kwenda Mombasa asikimbilie usukani.

"Hutavaa miwani tena maishani"

Tangu miaka 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho huanza kukakamaa na kusoma karibu kunakuwa kazi. Hilo halihusu konea, kwa hiyo leza ya leo haikuzuii kushika miwani ya kusomea kesho. Tena asiyeona mbali akiwa na umri huo huwa na neema asiyoijua: akivua miwani anasoma msahafu bila shida. Akisharekebishwa kuona mbali, neema ile inaondoka. Mwalimu mmoja niliyemweleza haya aliamua kubaki na miwani yake, na kwa maoni yangu aliamua vizuri. Wapo pia wanaorekebishwa jicho moja kwa mbali na jingine kwa karibu. Inafaa ijaribiwe kwanza kwa lenzi za kuvaa.

"Mwenye pesa yoyote anafanyiwa"

Kliniki nzuri hukataa watu. Hukataa walio chini ya miaka 18, na wengi hupendelea mtu afike 21, kwa sababu nguvu ya miwani bado inabadilika. Ikiwa imebadilika zaidi ya nusu dayopta mwaka uliopita, utaambiwa ungoje. Mjamzito na anayenyonyesha hungoja pia. Kisukari kisichodhibitiwa na baadhi ya magonjwa ya kinga huzuia. Zaidi ya yote hutafutwa keratokonasi, ugonjwa wa konea kudhoofika na kuchomoza kama pia ya kuchezea. Unahusishwa na kusugua macho, na watoto wenye mzio wa vumbi huyasugua kutwa. Leza juu ya konea kama hiyo huzidisha ugonjwa.

Ndiyo maana nasema siku ya vipimo ni kubwa kuliko siku ya upasuaji. Anayevaa lenzi laini azivue wiki 2 kabla, maana hupotosha umbo la konea. Ngumu huhitaji muda zaidi. Kliniki ikikuahidi kukupima na kukupasua saa ileile bila kukuuliza lini ulivua lenzi, chukua mkoba wako uondoke.

La mwisho ni la ndege, kwa kuwa safari yetu kutoka Nairobi mara nyingi ndiyo hiyo. Wanaokatazwa kuruka ni waliowekewa gesi ndani ya jicho kwa upasuaji wa retina. Wa leza ya konea hana shida na urefu wa anga, akishaonwa na daktari siku ya pili na kuruhusiwa. Hewa ya ndani ni kavu tu, basi matone yakae mkobani, si kwenye begi la chini. Ukishuka uwanja wa ndege wa Manda vaa miwani ya jua kabla hujafika gatini, na kwenye boti kaa nyuma ya nahodha.